Mama Risiti, Mtunza Hazina wa Gari la Wazazi

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mlango wa tatu kutoka kwenye tangi la maji. Alikuwa mtoto wa pili na binti wa kwanza wa wazazi wetu, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Baba alikuwa karani wa stoo ya mizigo iliyosahauliwa na abiria. Mama alikuwa mshonaji, na mimi ninayewasomea, kitinda mimba wake, nilirithi kwake cherehani na ulimi. Mkiona mahali nimeteleza, mlaumuni mama. Marehemu hana kosa.

Stoo ya baba ndiyo iliyomlea. Kulikuwa na masanduku, magongo, viatu vya mguu mmoja, na wakati fulani jogoo mzima ndani ya tenga, aliyewika mpaka stesheni nzima ikamchukia kabla mwenyewe hajajitokeza. Baba alitulea kwa kanuni moja: kisicho chako usikihamishe mpaka mwenyewe aseme. Msimu mmoja wa mvua, dada akiwa na miaka tisa, alipita stoo akienda shule, na miavuli iliyosahauliwa ilikuwa imening'inia ukutani safu nzima. Mama alimwambia achukue mmoja, aurudishe mchana. Dada alikataa, akaenda akanyeshewa, akalala na homa ya mapafu wiki mbili. Baba alijivuna mtaa mzima. Mama hakujivuna hata kidogo. "Mwanangu angekufa kwa ajili ya mwavuli usio na mwenyewe," alisema, na kila mvua iliponyesha alilirudia hilo mpaka akazeeka.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1964 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, ambako walimu walinyamaza kila treni ilipopita na kuendelea pale walipoishia. Mwaka 1971 alijiunga na sekondari ya bweni ya wasichana, akamaliza kidato cha nne mwaka 1974. Hakuwa wa kwanza darasani, tusimpambe, na kwa kuimba alikuwa balaa. Lakini wenzake walimpa yeye kutunza sabuni na mafuta ya taa ya bweni zima, na hakuna aliyelala na wasiwasi. Baadaye alisoma chuo cha uhasibu, akahitimu Novemba 1977.

Kazi yake ya kwanza, kuanzia Januari 1978, ilikuwa ukarani wa mishahara katika kiwanda cha nyuzi. Huko ndiko alikobatizwa jina la Mama Risiti, hata kabla hajawa mama wa mtu. Meneja alipodai nauli ya safari bila kielelezo, alimwuliza, "Bosi, hiyo teksi ilikuwa na dereva? Basi na dereva ana kalamu." Meneja alicheka, kisha akarudi kumtafuta dereva.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na fundi redio, mtu mpole ambaye sisi nduguze tulimpenda mapema kuliko yeye mwenyewe alivyompenda. Siku ya pili yake, wageni wakingali wanamalizia viporo, bibi harusi alisimama akasoma hesabu ya michango: nani alitoa, kimetumikaje, kimebaki nini. Mjomba mmoja aliyeahidi viti na hakuleta hata stuli alitajwa kuwa "bado tunamsubiri". Watu walicheka mpaka mjomba akaona aibu, na Jumatatu viti vililetwa. Mungu aliwajalia watoto watatu, ambao wote wako hapa leo.

Kiwanda kilipofungwa mwaka 1990, mkunga mmoja mstaafu alimfuata nyumbani. Alikuwa ameanzisha shirika dogo lenye gari moja, la kuwashusha wajawazito kutoka vijiji vya mlimani mpaka hospitali. Watu waliliita Gari la Wazazi. Wakati huo gari lilikuwa limekalishwa juu ya mawe, halina tairi. Mtunza hazina aliyetangulia hakuwa ameiba hata senti. Alikuwa na huruma tu, na huruma yake haikuwa na mpaka. Fedha ya tairi alilipia mishahara, fedha ya mishahara akanunulia dawa, ya dawa akaezekea paa, kila mara akisema atarudisha. Siku wafadhili walipoomba kuonyeshwa tairi, hapakuwa na tairi. Walijitoa wote, na kwa mwaka mzima kina mama walishuka mlimani kwa miguu, au hawakushuka.

Dada alianza kazi hapo Februari 1991 kwa kanuni mbili. Ya kwanza, fedha iliyotolewa kwa ajili ya kitu fulani haitagusa kitu kingine mpaka mtoaji aseme. Ya pili, hakuna mfanyakazi kuchanganya fedha yake na ya shirika, hata kwa wema, kwa sababu anayetia leo kwa wema kesho hujilipa kwa wema. Juu ya hizo akaweka desturi: kila Machi, wanawake wote waliowahi kupanda gari walialikwa uani kusomewa mapato na matumizi, kwa Kiswahili cha sokoni, na kila mmoja aliruhusiwa kuuliza. Mwaka wa kwanza bibi mmoja aliinua mkono. "Wajumbe wa bodi ni watano," alisema. "Hii sukari yote mnakunywa chai au mnaogea?" Ua mzima ulivunjika mbavu, na tangu siku hiyo bodi hunywa chai isiyo na sukari. Wafadhili walirudi mmoja mmoja, gari likapata tairi, kisha injini mpya.

Nawaomba mvumilie sehemu inayofuata. Marehemu aliisimulia mwenyewe mbele ya watu miaka yote, na sisi hatuna ruhusa ya kuifupisha.

Alhamisi tarehe 14 Agosti 1997, alasiri, jua likiwa kali, simu ililia kutoka zahanati ya mlimani. Binti wa miaka kumi na tisa, uzazi wa kwanza, mtoto amekaa vibaya, damu inatoka. Gari lilikuwa uani, dereva ameketi ndani na ufunguo mkononi, na tangi lilikuwa tupu. Ruzuku ya mafuta ilikuwa imechelewa na fungu la matumizi ya kawaida limekauka. Lakini kasiki ilikuwa na fedha ya kutosha, iliyotolewa na mfanyabiashara mmoja wa mbao kujengea chumba cha kungojea, ili wajawazito wasikae juani.

"Chukua ya jengo," mkunga alimwambia.

"Ya jengo ni ya jengo."

"Utarudisha, dada yangu. Ruzuku ikiingia tu."

"Aliyekalia kiti hiki kabla yangu alisema hivyo hivyo, na wewe ndiye uliyekuja nyumbani kwangu kulia."

Ilikuwa kweli. Ilibaki njia moja iliyoruhusiwa, nayo ni mafuta kwa mkopo kwa saini ya mwenyekiti wa bodi. Mwenyekiti wa wakati ule alikuwa kwenye ujenzi wa nyumba yake ng'ambo ya mji. Dada alikwenda kwa miguu, nusu akikimbia. Alimkosa, akaelekezwa kwingine, akampata, karatasi ikasainiwa juu ya tofali. Alipita kituo cha mafuta akienda, akakipita tena akimtafuta. Muda wote huo mkoba wake ulikuwa begani, na ndani yake mlikuwa na fedha ya viatu vya shule vya mwanawe, ambayo ingejaza lile tangi na chenji ikabaki. Alituambia kwamba hata haikumjia akilini. Kanuni ya pili aliitunga yeye mwenyewe, na ilikuwa imemkaa kiasi cha kumfanya asiuhisi uzito wa mkoba.

Gari liliondoka jua likiwa limelegea. Kwenye kona za mlima dereva alikutana na wanaume wanne wakishuka na kitanda mabegani, na shuka lilikuwa limefunika mpaka juu. Nyuma yao alitembea mama wa yule binti, mikono mitupu. Mtoto alikuwa amefia tumboni. Dereva alisimama, akashuka, akafungua mlango wa nyuma wa gari. Wakampita bila kumwitikia salamu.

Juma lililofuata dada alikwenda kwa mfanyabiashara wa mbao kumweleza yaliyotokea. Mzee wa watu alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Mama," alisema, "si ungenipigia simu tu? Ningekwambia chukua zote." Simu ilikuwa mezani kwa dada siku ile nzima, ileile iliyoleta habari. Kanuni yake ilisema fedha isiguswe mpaka mtoaji aseme, na kwa hofu ya kuigusa alisahau kwamba mtoaji ana mdomo. Mkunga naye alisahau. Wote wawili walikuwa wamemwona mtu mmoja akiliangusha shirika kwa kusema "nitarudisha", na neno hilo liliwaziba masikio.

Mwaka ule wakaguzi wa nje walilipatia shirika hati safi, ya kwanza tangu lianzishwe. Walisema hawajaona fungu la ujenzi lililotunzwa vizuri namna ile. Mwenyekiti aliitia hati fremu, akaitundika. Dada hakuigusa, ila alihamisha kiti chake upande wa pili wa meza ili aipe mgongo.

Siku ya kusomewa, Machi 1998, alisoma mapato, akasoma matumizi, akasoma maneno ya wakaguzi, watu wakapiga makofi. Kisha, kwa sauti ileile ya hesabu, akaendelea: "Tarehe kumi na nne Agosti shirika lilikuwa na fedha ya kununua mafuta. Haikutumika. Mama mmoja alikufa na mtoto wake. Ufunguo wa kasiki ulikuwa kwangu." Makofi yalikatika. Kijana wa wakaguzi aliyekaa mbele alimnong'oneza, lakini tuliokuwa karibu tulisikia.

"Mama, hiyo siyo taarifa ya fedha. Haina mahali pa kukaa."

"Najua," dada alimjibu. "Ndiyo maana nimeisoma nimesimama."

Nyuma kabisa, karibu na lango, mwanamke mmoja aliinua mkono. Hakuna aliyemjua mpaka dereva alipogeuka na kumtazama. Alikuwa mama wa yule binti, ameshuka kutoka mlimani peke yake.

"Hicho chumba kilijengwa?" aliuliza.

"Kilijengwa, mama. Kilikamilika mwezi uliopita."

"Nionyesheni."

Watu walimpisha. Chumba kilikuwa na mabenchi mawili, kuta za rangi ya maziwa na harufu ya mbao mpya, na dirisha kubwa lililotazamana na dirisha la ofisi ya dada. Yule mama aliketi mwisho wa benchi, dirishani. Alikaa hapo mpaka watu wote wakaondoka. Alhamisi iliyofuata alikuja tena, akaketi palepale, na Alhamisi iliyofuata tena. Hakutukana, hakulia, hakumwomba mtu kitu. Wajawazito waliomkuta walimwamkia kwa adabu na kumwuliza, "Mama umemleta mkweo?" Naye aliwajibu, "Hapana mwanangu, nangojea tu." Baadhi yao waliomba wakangojee nje juani. Dada alimpachika jina la Mama wa Alhamisi, na hakulitamka kwa sauti kubwa.

Mwenyekiti alitaka mlinzi amzuie langoni. Dada alimwambia amzuie na yeye basi. Mkunga alimshauri walau asogeze meza, asiwe anatazamana naye siku nzima. Hakuisogeza. Nilipokwenda kumsalimia ofisini siku moja ya Alhamisi, nilimwona akiandika, akiinua macho, akiandika, na ng'ambo ya ua yule mama ameketi kimya anatazama mahali tulipo. Nilijifanya nina nguo ya mteja ya kumalizia, nikaondoka. Mpaka leo nikipita pale nywele hunisisimka.

Nyumbani mambo yalianza kwa kitu kidogo. Dada alikuwa akila, au akimsuka binti yake, mara anainua kichwa. "Mmesikia gari?" Hapakuwa na gari. Barabara yetu mnaijua, hata pikipiki huijutia. Lakini alisikia injini ikiwaka uani, ikinguruma bila kuondoka, na alinyanyuka kwenda mlangoni, akasimama hapo akiangalia njia tupu. Watoto walimwambia hakuna kitu, mama, naye alibaki amesimama. Shemeji yetu, fundi redio, ndiye aliyegundua dawa. Dada akiuliza kama amesikia gari, yeye hakuinua hata kichwa kutoka kwenye redio yake. "Limekwishaondoka," alimjibu. Hapo dada alirudi kukaa na kuendelea na chakula. Shemeji alisema uongo huo mdogo miaka na miaka, na ninaamini ndio uongo pekee uliowahi kupita katika nyumba ile bila kudaiwa risiti.

Tusije tukadhani alikaa tu na majonzi. Kuanzia mwaka 1999 hakupokea fedha ya mfadhili yeyote bila sharti aliloliita sharti la uhai. Mtoaji alikubali mapema kwamba mtu akiwa hatarini, fungu lolote linaweza kutumika kumfikisha hospitali, na kesho yake asubuhi matumizi hayo yabandikwe kwenye ubao wa langoni, kila mpita njia ayasome. Mfadhili mmoja mkubwa alikataa, akirudisha barua yenye maneno mengi kuhusu nidhamu ya fedha. Dada alimrudishia hundi yake siku ileile. Bodi ilikasirika sana, na mwenyekiti alimwita kichwa ngumu mbele ya wahudumu. Lakini wako kina mama katika mkusanyiko huu walioletwa kwa mafuta ya fungu la rangi, na mmoja kwa fungu la sherehe ya ufunguzi. Wanajijua.

Kitu alichokuwa anakitaka hasa, na alikitaka mpaka mwisho, kilikuwa neno kutoka kwa Mama wa Alhamisi. Hakujua aliombe vipi. Mwaka 2004, siku ya manyunyu, alivuka ua na kikombe cha chai kama alivyofanya mara nyingi, na kwa mara ya kwanza yule mama akakipokea. Dada akaketi kando yake.

"Mama, unakuja kunihukumu?"

"Mimi? Nikuhukumu nikupeleke wapi?" Yule mama alipuliza chai yake. "Kaburi la mwanangu lilichukuliwa na maporomoko, hata jiwe sikuliona. Kilichobaki ni hiki chumba. Pesa iliyomwacha afe ndiyo imesimamisha hizi kuta. Basi nakuja kukaa naye."

Yule mama akaendelea.

"Ingekuwa leo, ungeitoa?"

"Leo kuna sharti jipya, mama. Tumeshabadilisha—"

"Sijauliza sharti. Nakuuliza wewe. Ni siku ileile, umesimama palepale, hujui yatakayokuja. Ungeitoa?"

"Sijui," dada alisema.

"Haya." Yule mama alimrudishia kikombe. "Afadhali hukunidanganya."

Siku hiyo alikuja moja kwa moja kwenye kibanda changu akanisimulia akiwa amesimama. Nilimwambia, "Dada, si ungesema tu ndiyo, ukamtuliza mama wa watu?" Alinitazama kana kwamba nimemwomba aniandikie risiti ya uongo, akatoka bila kuaga. Hatukuongea mwezi mzima.

Shemeji yetu alifariki mwaka 2011, na tangu hapo hakukuwa na mtu wa kumwambia gari limekwishaondoka. Watoto walijaribu, lakini sauti haikuwa yenyewe. Alistaafu mwaka 2017. Kila Machi aliendelea kwenda kusimama uani na kusoma lile fungu lake lisilo na mahali pa kukaa, mara ya mwisho mwaka huu, akiwa ameshikwa mkono na binti yake, na pumzi ikimkatikia katikati ya sentensi.

Ugonjwa wa moyo uligunduliwa mwaka 2019. Alitibiwa kwa uangalifu na madaktari na wauguzi, na familia inawashukuru. Septemba mwaka huu miguu ilivimba na akawa hawezi kulala chali. Tarehe 28 alizidiwa mchana, na aliyekuja kumchukua alikuwa dereva yule yule wa zamani, mzee sasa, amestaafu, aliyeliazima Gari la Wazazi kwa ruhusa ya ofisi. Dada alikataa kupanda.

"Mafuta haya ni ya fungu gani?"

"Ya kwangu, mama. Nimetoa mfukoni."

"Umevunja kanuni ya pili."

"Nimeivunja," dereva alisema. "Panda."

Dada alimtazama, kisha akaanza kulia, kwa sauti, kama mtoto, sisi tukiwa tumemshika mabega. Hatukuwahi kumwona akilia hivyo, hata kwenye msiba wa mumewe. Alipotulia alipanda mwenyewe, akakaa mbele.

Wodini alilazwa siku chache. Jumatano, Mama wa Alhamisi alikuja, akavuta kiti, akakaa kando ya kitanda kama alivyozoea kukaa kule. Jioni ilipokaribia dada alifumbua macho na kuuliza swali lake. "Umesikia gari?" Sisi watu wa nyumbani tulitazamana, na mimi nilishafungua mdomo niseme maneno ya shemeji. Yule mama alinitangulia.

"Sijasikia," alimwambia. "Siku ile pia sikusikia."

Dada alifumba macho. Mkono wake ulitafuta juu ya shuka mpaka ukaupata wa yule mama, ukaushika. Mama wa Alhamisi hakuushika na yeye, na hakuuondoa. Walikaa hivyo mpaka muuguzi alipokuja kutuambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Dada yetu alifariki dunia Ijumaa tarehe 4 Oktoba 2024, saa moja asubuhi, binti yake akiwa pembeni.

Jana mwenyekiti wa sasa wa bodi, ambaye namheshimu na ametusaidia sana katika msiba huu, alikuja nyumbani akanivuta kando. Alikuwa ameusoma wasifu huu kabla haujachapwa.

"Mzee wangu," aliniambia, "wafadhili watakuwepo kesho. Hiyo sehemu ya mafuta tuiache. Kesho ni siku ya kumsitiri marehemu."

"Mwenyekiti, marehemu alisimama uani miaka ishirini na saba akijivua nguo mwenyewe. Mimi fundi cherehani nimshonee nyingine sasa, ya nini?"

"Watu watasema shirika liliua."

"Watasema alichosema yeye. Tunafukia mwili, mwenyekiti. Hesabu hatuifukii."

Mwenyekiti akaniomba kalamu. Nilidhani atakata. Alisahihisha mwaka mmoja niliokuwa nimeukosea, akanirudishia karatasi. Namshukuru.

Marehemu ameacha watoto watatu: mwanawe wa kwanza, fundi umeme, binti yake, mwalimu, na kitinda mimba wake, ambaye ni mhasibu na anatuomba radhi kwa hilo. Ameacha wajukuu watano, kaka mmoja, mdogo mmoja ambaye ni mimi, na mkunga aliyemwajiri, ambaye kwa umri wake ameshindwa kufika na ametuma salamu.

Watoto walitaka Mama wa Alhamisi naye aandikwe miongoni mwa walioachwa. Nilikwenda kumwuliza mwenyewe juzi, nikamkuta kwenye benchi lake, amelitazama dirisha la ofisi lililofungwa.

"Niandikeni," alisema. "Ila msiandike kwamba nimesamehe, sijasema hivyo. Andikeni kwamba nitaendelea kuja, na sasa pale dirishani hakuna mtu wa kukaa na mimi."

Tumeandika kama alivyosema, neno kwa neno. Mungu ampokee dada yetu na hesabu yake yote, na ampe amani ambayo huku kwetu hakuipata.